Kuku Hana Jasho

Msomaji wetu mmoja wa upande wa Makueni ametuletea barua ya huzuni. Asema kwamba alasiri moja ya mwezi wa Februari alirudi kutoka sokoni akakuta kuku wake saba wamekufa bandani, tena wale walionona kuliko wote, na waliobaki wametanua mabawa huku wakihema vinywa wazi. Asubuhi wote walikuwa wazima. Jirani yake, ambaye wana kesi ya mpaka wa shamba, alionekana akipita njia ile siku hiyo. Sasa bwana huyu ataka kujua kama iko sumu iuayo kuku kwa saa chache bila kuacha alama.

Twamwomba aiweke kando habari ya sumu, kwanza alitazame paa la banda lake. Aandika mwenyewe kwamba ni la mabati mapya, na kwamba alilishusha na kuziba kila upenyo ili kicheche asipate njia.

Ndege hana jasho. Mwanadamu akilima juani ngozi yake hutoa maji, na maji yale yakikauka huondoka na joto, kama mtungi wa udongo upoozavyo maji kwa kuvuja kidogo kidogo. Kuku amevikwa manyoya, na ngozi yake haina tezi za jasho. Tena joto la mwili wake ni kubwa kuliko letu: letu ni kama digrii 37 za sentigredi, lake ni 41 au 42. Likifika 46 au 47, hufa. Nafasi yake, basi, ni ndogo.

Jua likizidi, kwanza huyainua mabawa ili upepo upite palipo na manyoya machache, na damu nyingi huenda kwenye upanga wa kichwani na zile nyama zining'iniazo chini ya mdomo, ikapoe huko. Hewa ikipita digrii 30 hivi, hayo hayamtoshi, naye huanza kutweta. Pumzi zake, ambazo akitulia ni kama 30 kwa dakika, huweza kupita 150. Hewa hupita juu ya koo lenye unyevu na kuchukua maji na joto pamoja. Mtungi wake umo kooni.

Lakini kutweta kuna gharama. Maji ya mwilini hupungua upesi, na kazi yenyewe ya kuhema huzaa joto jingine. Zaidi ya hayo, pumzi za haraka huiondoa katika damu ile hewa ya kaboni ambayo kuku huihitaji ili kutengeneza ganda la yai. Ndiyo sababu wauzaji wa mayai hulalamika wakati wa jua kali kwamba maganda ni mepesi na mayai huvunjika njiani. Na penye hewa ya unyevu, kama pwani au kando ya ziwa, koo halikauki vema, hata kutweta kukamfaa kidogo tu.

Ndege wa porini wana mbinu zao. Hondohondo wa jangwa la Kalahari walichunguzwa, ikaonekana kwamba mdomo wao mkubwa hutoa joto jingi hewa ikipita digrii 30. Yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye watu wa Kisumu na Kampala humwona kila siku majalalani, hujinyea miguuni kwa makusudi. Weupe wa miguu yake si rangi yake! Majimaji yale yakikauka huipoza damu ipitayo miguuni. Ni adabu mbaya, lakini humwokoa. Naye akichoka na jua huhamia mtini. Kuku aliyefungiwa chini ya mabati ahamie wapi?

Kideri, kwa kawaida, huua kwa siku kadhaa, huingia na miji ya jirani, na mara nyingi kuku huharisha kijani au kupinda shingo. Joto huua mchana mmoja, nalo huanza na wanene. Bwana wetu aweke nyasi juu ya mabati, afungue madirisha ya wavu pande mbili, na maji yakae kivulini tangu asubuhi. Chakula awape alfajiri na jioni, kwa maana chakula kikisagwa tumboni huongeza joto. Wala asiwafukuze kuwakamata saa sita, au kuwashindilia katika tenga la kwenda sokoni.

Wakiendelea kufa hata siku za baridi, atuandikie tena, na mmoja aliyekufa ampeleke kwa afisa wa mifugo kabla ya kumzika.