Tamko kwa Umma Kuhusu Kupanga Meno ya Watoto, Vijana na Watu Wazima

Kwa wazazi na walezi, walimu, wahudumu wa afya, vijana, na kila mtu mzima anayefikiria kupanga meno yake.

Sisi madaktari wa kinywa na meno, kupitia chama chetu cha kitaaluma, tunatoa tamko hili kwa sababu nyaya za meno zimeanza kuzungumzwa kama hereni: kitu cha kununua, kuvaa na kuvua. Nyaya za meno ni tiba, na tiba hiyo hufanyika ndani ya mfupa.

Jino hushikwa na nyuzi laini ndani ya mfupa ulio hai. Likisukumwa taratibu, upande unaobanwa mfupa huliwa na upande wa pili hujengeka mfupa mpya. Hivyo ndivyo jino linavyohama, kiasi cha milimita moja kwa mwezi, na ndiyo maana matibabu ya kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi. Nguvu ikizidi, mzizi wenyewe huweza kuliwa ukabaki mfupi. Asiyeweza kuusoma mfupa huo kwenye picha ya eksirei asikubaliwe kumfunga mtu waya.

Tunawaomba wazazi wamlete mtoto akaguliwe anapofikia miaka 7, hata kama meno yake yanaonekana mazuri. Wengi wataangaliwa tu na kurudishwa nyumbani. Katika umri huo gego la kwanza la kudumu limeshaota, nyuma ya magego yote ya utoto, bila kung'oa jino lolote. Kwa kuwa hakuna jino lililotoka kulipisha, wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, huacha lioze, kisha huomba ling'olewe. Gego hilo ndilo linaloongoza mkao wa meno mengine, na likitoka halirudi.

Hata meno ya utoto, yote 20, yana kazi ya kulinda nafasi. Gego la utoto likiondoka mapema kwa kuoza, la nyuma yake husogea mbele na kuziba mlango wa jino linalokuja. Miaka michache baadaye chonge hukosa pa kukaa, likatokea juu ya fizi, nje ya mstari. Kuziba tundu dogo kwenye jino la utoto, au kuweka kifaa cha kulinda nafasi baada ya kung'oa, ni nafuu mno kuliko nyaya za miaka miwili.

Kuna jambo linalotuuma zaidi. Katika baadhi ya jamii zetu, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha bado husemwa kuwa ana "meno ya plastiki", au "meno ya nailoni". Fizi yake hupasuliwa kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli, na vichipukizi vya chonge vinachokolewa vikiwa bado laini. Kinachotolewa ni jino la kawaida la mtoto ambalo halijakomaa. Kitendo hicho kimeua watoto kwa kutokwa damu na kwa maambukizi. Waliopona hukua bila chonge, au chonge la kudumu hutoka na kasoro, na meno ya jirani huhama yakaacha mstari wake. Mtoto mwenye homa apimwe malaria, na anayeharisha apewe maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Bibi, mkunga na jirani wanaoshauri vinginevyo wanampenda mtoto, na kwa upendo huohuo tunawaomba waache.

Mtoto anayenyonya kidole hadi miaka minne au mitano, anayelala mdomo wazi usiku kucha, au ambaye meno yake ya juu yamechomoza sana mbele asisubiri meno yote yaote. Meno yaliyochomoza huvunjika kwa urahisi mtoto akianguka uwanjani, na ushahidi wa kitabibu unaonyesha kwamba kuyarudisha mapema hupunguza ajali hizo. Taya la juu lililo jembamba hupanuliwa kwa wepesi kabla mshono wa kaakaa haujafungamana, na kwa wengi hilo hutokea katika miaka ya ujana. Baada ya hapo, kazi ileile huweza kuhitaji upasuaji.

Mwanya si ugonjwa. Mtoto wa miaka 7 hadi 11 mwenye nafasi kati ya meno mawili ya mbele mara nyingi huipoteza mwenyewe chonge za juu zinapoota, kwa hiyo tusikimbilie kumfunga waya. Kwa mtu mzima aliyezaliwa katika jamii zinazousifu mwanya kuwa uzuri, hakuna daktari mwenye haki ya kumwambia ana kasoro. Lakini mwanya unaojitokeza ukubwani, ambao jana haukuwepo, mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa fizi unaokula mfupa. Huo uonyeshwe kwa daktari upesi.

Vijana wamekuwa wakifundishwa kwa video kuziba mwanya kwa mpira mdogo unaozungushiwa meno mawili. Msifanye hivyo! Jino ni jembamba kuelekea mzizini, kwa hiyo mpira huteleza chini ya fizi, usionekane tena, ukaendelea kukata nyuzi na kula mfupa hadi meno hayo mazima yanalegea na kuanguka. Onyo letu linagusa pia vifaa vya plastiki angavu vinavyoagizwa mtandaoni bila daktari kumwona mgonjwa. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani, iliyojenga biashara yake juu ya njia ya mbali, ilifunga milango Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa watafute daktari wenyewe. Vifaa hivyo angavu vyenyewe ni vizuri vikiwa mikononi mwa daktari anayekukagua.

Kwa watu wazima, hakuna umri ambao mlango umefungwa, maadamu mfupa na fizi ni vizima. Kwanza fizi zitibiwe, sukari idhibitiwe, na daktari aelezwe dawa zote unazotumia, hasa za kuimarisha mifupa. Anayetoka maeneo ya maji yenye floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ajue kwamba nyaya hupanga meno lakini haziondoi rangi ya kahawia, na kwamba gundi hushika kwa shida zaidi kwenye meno ya namna hiyo. Aambiwe hayo kabla hajalipa.

Aliyefungwa nyaya apige mswaki kila baada ya mlo, aache soda, asing'ate muwa wala mifupa, na mahindi ya kuchoma ayapukuchue. Nyaya zikitolewa, kifaa cha kushikilia meno kivaliwe kama alivyoagizwa, kwa sababu nyuzi za fizi huchukua miezi mingi kuzoea mahali papya, na asiyekivaa atayaona meno yakirudi.

Kwa Serikali tunasema haya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango ambao watoto wenye mahitaji makubwa hawapaswi kuachwa nje yake. Hatuombi bima ilipie kila tabasamu. Uingereza hupima uhitaji kwa ngazi tano, na walio chini ya miaka 18 wenye uhitaji mkubwa hulipiwa na huduma ya taifa. Nasi tuanze na watoto waliozaliwa na mdomo wazi au kaakaa lililopasuka, wasioweza kutafuna, na wenye chonge lililokwama ndani ya mfupa. Tunaiomba pia izuie uuzaji wa nyaya za urembo saluni na mitandaoni, na isomeshe madaktari bingwa wa kupanga meno watakaokubali kufanya kazi nje ya Dar es Salaam. Mzazi wa Kigoma hawezi kusafiri kila baada ya wiki sita kwa miaka miwili.

Wananchi wana haki ya kumuuliza anayewatibu namba yake ya usajili na kuithibitisha kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa baraza husika kule Zanzibar. Nasi tunajifunga kwa upande wetu: kabla ya waya wa kwanza kufungwa, kila mwanachama ampe mgonjwa kwa maandishi mpango wa matibabu, muda unaotarajiwa na gharama yote, ikiwemo ya kifaa cha kushikilia meno. Mgonjwa akihama mji, apewe nakala ya picha na kumbukumbu zake bila malipo, ili daktari mwingine aendelee pale tulipoishia.