Likizo ya Komoro: Tuhesabu Maji Kabla ya Jua

Katika nchi za baridi za Ulaya, ambako baadhi yetu tulipelekwa kusoma, watu hupanga likizo kwa kuhesabu saa za jua. Mtu aliyekaa miezi mingi chini ya mawingu na theluji ana haki ya kufanya hivyo. La ajabu ni kwamba kipimo hicho kimeingia pia katika vijarida vinavyosifu visiwa vya Bahari ya Hindi, nasi tuliozaliwa juani tunakipokea bila kukichunguza. Maoni yangu ni kwamba mtu anayepanga likizo katika visiwa vya volkano, mathalani Komoro, hana budi kuuliza kwanza habari za maji. Jua atalikuta tu. Maji atakayooga huenda yakawa ndiyo akiba ya mwenyeji wake.

Sababu imo katika miamba. Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, ambacho hujulikana pia kwa jina la Mayotte na kingali chini ya Ufaransa. Vyote vilijengwa na volkano zilizoinuka kutoka sakafu ya bahari, bali umri wao haulingani. Ngazija ndicho kichanga zaidi, na mlima wake wa Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ungali hai. Lava changa imejaa nyufa na vitundu. Mjini Moroni hunyesha zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na juu mlimani hunyesha zaidi ya hapo. Hata hivyo kisiwa hicho hakina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Mvua ikinyesha, ardhi huimeza.

Maji yaliyozama hayapotei. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya chumvi, hukaa juu yake chini ya ardhi, kama mafuta yakaavyo juu ya maji, ingawa mpaka wao hauko wazi kiasi hicho. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kukokotoa wenyewe: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo takribani mita 40 chini ya usawa huo. Kinyume chake pia ni kweli. Kisima cha pwani kikivutwa hata maji yakashuka kidogo tu, chumvi hupanda kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana jamaa nyingi za Ngazija, hasa vijijini, hutegemea mabirika yanayokinga mvua itokayo mapaani. Mabirika hayo nayo yana adui. Mwezi Novemba 2005 Karthala ilipolipuka, majivu yalianguka ndani yake, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa maji safi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba ina birika la lita 20,000 lililojaa mwisho wa mvua, na watu wanane wanaotumia lita 30 kila mmoja kwa siku. Matumizi yao ni lita 240, na birika litawafikisha siku 83. Sasa nyumba hiyo ianze kupokea wageni wawili mfululizo, waliozoea kuoga kwa bomba la mvua mara mbili kwa siku na kubadilishiwa mashuka kila asubuhi, kila mmoja akitumia lita 120. Matumizi yanakuwa lita 480. Birika litakauka baada ya siku 41. Wageni wawili wamekula nusu ya akiba ya watu wanane, wala hawakukusudia ubaya wowote.

Hapo ndipo kipimo cha jua kinapotupotosha. Komoro, kama pwani yetu, hufuata pepo mbili. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba hadi Aprili, kuna joto na mvua nyingi. Wakati wa kusi, tangu Mei hadi Oktoba, mvua hupungua na anga hutakata. Anayetafuta anga safi huvutwa na miezi ya mwisho ya kusi, yaani ile ile ambayo mabirika yamekaribia kukauka. Jua la mgeni limekuwa kiangazi cha mwenyeji.

Visiwa vikongwe zaidi vina hali tofauti. Lava ya Nzwani na Mwali imeoza kwa muda mrefu na kuwa udongo wenye uwezo wa kuzuia maji. Kwa hiyo vijito vipo. Lakini umri wa mwamba peke yake hautoshi. Nzwani misitu ya milimani imefyekwa sana, na mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka. Maore, katika ukame wa mwaka 2023, mabomba yalifikia kutoa maji takribani siku moja tu katika kila siku tatu.

Huenda msomaji akauliza: Komoro hupata watalii wachache; hao watadhuru nini, nao huleta fedha? Swali ni la haki, na sisemi watu wasiende. Lakini maji hayagawanywi kwa wastani wa taifa. Birika ni la nyumba moja, kisima ni cha kijiji kimoja. Tena ni rahisi kuweka desturi njema wakati wageni ni wachache kuliko kuitafuta watakapokuwa wengi.

Basi likizo ya Komoro ipangwe namna gani? Kwa maoni yangu, wakati bora ni mwishoni mwa Mei na mwezi Juni. Mabirika bado yana maji, njia za Karthala zimeanza kukauka, na shule za Tanzania huwa zimefungwa mwezi Juni. Kaskazi ina hatari yake: kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija mwezi Aprili 2019, na Chido kikaipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024. Mgeni na aulize nyumba yake hupata maji wapi kabla ya kuuliza kama dirisha linatazama bahari. Aoge kwa ndoo, kama tulivyolelewa wengi wetu. Na akienda Mwali kutazama kasa wakitaga pwani ya Itsamia, au popo wa Livingstone anayeishi Mwali na Nzwani tu, akumbuke kwamba popo huyo na vijito vya milimani hutegemea msitu ule ule.

Walimu hawana haja ya kusubiri safari. Wanafunzi na wapime paa la shule yao kwa mita za mraba, wakijua kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Wakokotoe paa hilo laweza kuwanywesha watu wangapi kwa siku ngapi, kisha waongeze wageni kumi. Kijana aliyefanya hesabu hiyo, siku akifika ugenini, atajua afungue bomba kwa kiasi gani.