Uchungu si kesi ya uzinzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu wazee wanaomlazimisha mzazi ataje mwanamume mwingine, eti kwa sababu uchungu umekawia.

Hapa kijijini jirani yangu alishikwa na uchungu alfajiri. Hadi usiku alikuwa bado anaambiwa aungame. Alipofikishwa zahanati kwa baiskeli, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Ndugu wananchi, uchungu una hatua zake. Kwanza mlango wa kizazi hufunguka hadi sentimita 10, kisha mama husukuma mtoto, mwisho hutoka kondo la nyuma. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuanzia sentimita 5, kwa kawaida kufunguka huko hakuzidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza, na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Kukizidi, huenda mtoto amekaa vibaya au nyonga ni nyembamba. Kungoja huweza kumuua mama au kumwachia fistula.

Nyumbani hakuna wa kupima sentimita hizo. Kwa hiyo dawa ni kwenda mapema, uchungu unapoanza.

Na mbona mume haambiwi aungame?

Nashauri kila serikali ya kijiji iandae usafiri wa wajawazito, nasi walimu tuwafundishe jambo hili wavulana pamoja na wasichana. Hao ndio waume wa kesho.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.