Umaskini Hauko Katika Damu

Katika miaka yangu yote ya kufundisha, na baadaye ya kuwaandaa walimu chuoni, hakuna kauli iliyonichosha kama ile isemayo kuwa jamii fulani ni maskini kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa. Nimeisikia maofisini, vijiweni na hata vyumba vya walimu, mahali ambapo haikustahili kuingia. Watu wale hawapendi shule, huambiwa. Watu wale hawana desturi ya kuweka akiba. Watu wale ni wavivu, wameridhika na hali yao. Msemaji huyasema hayo kwa utulivu kabisa, kana kwamba anataja majira ya mvua.

Ndugu msomaji, nataka kuipinga kauli hiyo hadharani. Ushahidi wangu sitautoa katika makabila yetu, maana hapo kila mtu husikiliza akiwa na kabila lake mkononi. Nitautoa mbali, kwa Wayahudi wa Afrika ya Kaskazini, ambao historia iliwagawa ikawapeleka nchi mbili, Ufaransa na Israeli. Ni watu wenye dini moja, mapishi ya namna moja, na mara nyingi tumbo moja. Ikiwa umaskini na utajiri vimo katika damu, basi hali zao zingepaswa kufanana popote walipotua. Hazikufanana.

Kwanza tuwajue. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Wayahudi wa Moroko walikadiriwa kuwa kama 250,000. Aljeria walikuwako zaidi ya 100,000, na wengine walikuwa Tunisia. Wa Aljeria walikuwa na jambo moja la pekee. Mwaka 1870 serikali ya Ufaransa ilitoa amri iliyojulikana kwa jina la waziri wake Crémieux, ikawafanya Wayahudi wapatao 35,000 wa nchi hiyo kuwa raia kamili wa Ufaransa. Jirani zao Waislamu hawakupewa. Wayahudi wa Moroko na Tunisia nao hawakupata uraia huo kwa mkupuo, lakini wengi wao walipata shule. Chama cha Alliance Israélite Universelle, kilichoanzishwa Paris mwaka 1860, kilifungua shule yake ya kwanza Tetouan, Moroko, mwaka 1862, kikaendelea kueneza shule zilizofundisha kwa Kifaransa.

Kisha ukaja mtawanyiko. Israeli ilizaliwa mwaka 1948, Moroko na Tunisia zikapata uhuru mwaka 1956, Aljeria mwaka 1962. Wayahudi wa Moroko wengi walikwenda Israeli, na wachache wakaenda Ufaransa na Kanada. Wa Aljeria karibu wote walikwenda Ufaransa.

Walioingia Ufaransa mwaka 1962 waliwasili wamepoteza mengi: nyumba, maduka, makaburi ya wazee wao. Sitaki kuwapaka mafuta. Hata hivyo waliingia kama raia wanaorejea nchini mwao, pamoja na mamia ya maelfu ya Wafaransa wengine waliotoka Aljeria. Bunge lilikwisha kupitisha sheria ya tarehe 26 Desemba 1961 ya kuwapokea na kuwasaidia. Aliyekuwa karani wa serikali Oran aliweza kuendelea kuwa karani wa serikali Ufaransa. Aliyekuwa mwalimu Constantine aliingia darasani Marseille. Lugha waliijua, vyeti vyao vilitambuliwa, na uchumi wa nchi ulikuwa unakua kwa kasi na kutafuta watu. Familia nyingi zilipangiwa majengo mapya ya ghorofa katika vitongoji kama Sarcelles, karibu na Paris. Hayakuwa majumba ya kifahari, lakini palikuwa na shule ileile ya serikali yenye mitihani ileile iliyokuwa ikifanywa na watoto wa Paris. Ndani ya kizazi kimoja jamii hiyo ikawa na madaktari, mawakili, walimu wa vyuo vikuu na wafanyabiashara wengi.

Sasa tuvuke bahari tuwatazame waliokwenda Israeli. Nchi ilikuwa changa na maskini. Kati ya mwaka 1948 na 1951 idadi ya Wayahudi wake iliongezeka zaidi ya mara mbili. Wahamiaji walitiwa katika kambi za muda zilizoitwa ma'abarot, za mahema na mabanda ya mabati. Kuanzia mwaka 1954 ulikuwapo mpango uliojulikana kama kutoka melini hadi kijijini: mtu anashuka bandarini Haifa, anapandishwa lori, na kushushwa mahali asipopajua. Wengi wa watu wa Moroko walipelekwa miji mipya ya pembezoni, kama Yeruham na Dimona jangwani kusini, au Kiryat Shmona kaskazini mpakani. Kazi zilizokuwapo zilikuwa za ujenzi, za kupanda miti, na za viwanda vya nguo vyenye ujira mdogo. Mji wenye kiwanda kimoja ni mji wenye bwana mmoja. Na viwanda vya nguo vilipoanza kufungwa baadaye kwa ushindani wa bidhaa za nje, miji hiyohiyo ndiyo iliyoumia kwanza.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia. Jibu la kwanza ni kwamba matajiri na wasomi walichagua Ufaransa, na mafukara wakaenda Israeli, hivyo tofauti ilikuwapo kabla ya safari. Hoja hii ina ukweli ndani yake na siikatai. Wenye mali na elimu wengi wa Casablanca walielekea Paris au Montreal. Lakini wataalamu wawili wa Israeli, Michael Inbar na Chaim Adler, waliipima hoja hiyo kwa njia ambayo kila mwalimu wa hesabu ataipenda. Katika kitabu chao cha mwaka 1977 walilinganisha ndugu wa kiume waliozaliwa Moroko katika familia moja, mmoja akahamia Ufaransa na mwenzake Israeli. Baba ni yuleyule, nyumba ni ileile, jina ni lilelile. Wakakuta kwamba wale wa Ufaransa kwa jumla walikuwa wamepanda ngazi za kazi na maisha kuliko ndugu zao wa Israeli. Hapo asili itasema nini? Damu ya ndugu mmoja iligeuka maji njiani?

Jibu la pili ni kwamba Israeli ilikuwa maskini, imezungukwa na vita, haikuwa na cha kuwapa. Hili nalo ni kweli kwa sehemu. Lakini umaskini wa nchi ungewagusa wote sawasawa, na haikuwa hivyo. Wahamiaji waliotoka Poland katikati ya miaka ya 1950 walipata upendeleo wa nyumba karibu na miji ya kati, wakati watu wa Moroko wakipelekwa jangwani. Tena, baada ya mkataba wa mwaka 1952 kati ya Israeli na Ujerumani ya Magharibi, fidia za mateso ya Wanazi zilianza kuingia katika familia nyingi za Wayahudi wa Ulaya. Hakuna mtu mwenye utu atakayezionea wivu fidia hizo. Lakini fedha ni fedha: aliyepata alinunua nyumba, na nyumba ikamsomesha mtoto.

Jambo linaloniuma zaidi kama mwalimu ni shule. Israeli ilikuwa na sheria ya elimu ya lazima tangu mwaka 1949, na hilo ni la kusifiwa. Lakini kukaa darasani ni jambo moja na kupelekwa mahali ni jambo jingine. Watoto wengi wa Wayahudi wa Asia na Afrika walielekezwa shule za ufundi, na sehemu kubwa yao walimaliza bila cheti cha bagrut, ambacho ndicho mlango wa chuo kikuu. Mtoto wa seremala alionekana anafaa kuwa seremala. Ufundi ni kazi ya heshima, nami sina neno nao. Neno langu ni kwa mwalimu anayemchagulia mtoto ufundi kwa kutazama jina la ukoo wake. Mwaka 1981 mtaalamu wa Israeli, Shlomo Swirski, alitoa kitabu ambacho jina lake la Kiebrania lina maana kwamba watu hawa si walio nyuma bali ni waliorudishwa nyuma. Katika jina hilo peke yake mna somo zima la ualimu.

Nao wenyewe hawakukaa kimya. Julai 1959, polisi walipompiga risasi na kumjeruhi mhamiaji wa Moroko katika mtaa wa Wadi Salib mjini Haifa, watu waliandamana kwa hasira. Mwaka 1971 vijana wa mtaa wa Musrara, Yerusalemu, wakaunda kundi la Black Panthers, jina waliloliazima kwa Wamarekani weusi, na Waziri Mkuu Golda Meir akawapuuza kuwa vijana wasiopendeza. Mwaka 1977 kura za jamii hizi zilisaidia kukiangusha chama cha Labour kilichotawala tangu mwanzo. Mwaka 1997 kiongozi wa chama hicho, Ehud Barak, alikwenda Netivot, mmojawapo wa miji ile ya pembezoni, akaomba radhi kwa niaba ya chama. Wengine walipanda: David Levy, mzaliwa wa Rabat aliyeanza kama kibarua wa ujenzi, alifika kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Lakini mtu mmoja kupanda hakufuti takwimu. Utafiti wa Yinon Cohen na Yitzhak Haberfeld uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kuwa hata kizazi cha pili, waliozaliwa Israeli, kilikuwa bado nyuma ya wenzao wenye asili ya Ulaya kwa elimu ya juu na kwa mapato. Na chini yao wote walikuwako raia Waarabu, ambao hadi mwaka 1966 waliishi chini ya utawala wa kijeshi.

Je, basi Ufaransa ni nchi ya haki? La hasha! Msomaji asiniondokee na fikra hiyo. Ufaransa hiyohiyo ilipowapokea Wayahudi wa Aljeria kama raia, iliwapokea Waislamu wa Aljeria kama vibarua. Hawa walitoka mitaa ileile ya Oran na Constantine. Lakini babu zao hawakupewa uraia mwaka 1870. Walitawaliwa kwa sheria za kibaguzi zilizoitwa Code de l'indigénat hadi miaka ya 1940, na wengi wao hawakuonja darasa. Walipofika Ufaransa waliishi mabweni ya wafanyakazi na mabanda ya Nanterre, pembeni mwa Paris. Hata wale waliopigana upande wa Ufaransa, walioitwa harki, waliwekwa makambini kama Rivesaltes. Na uraia wenyewe ni karatasi: serikali ya Vichy iliwanyang'anya Wayahudi wa Aljeria mwaka 1940, watoto wao wakafukuzwa shule, hadi uliporudishwa mwaka 1943.

Ubaguzi huo haukuishia kwa wazee. Mwaka 2009 watafiti watatu, Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort, walituma kwa waajiri wa Ufaransa barua za kuomba kazi zenye sifa sawa na jina moja la ukoo la Kisenegali, Diouf. Tofauti ilikuwa jina la kwanza na dalili za dini. Marie, Mkristo, aliitwa kwa usaili mara 21 katika kila 100. Khadija, Mwislamu, aliitwa mara 8. Wote wawili walikuwa wa kubuni, hawakuwa na damu wala uvivu wala desturi. Walikuwa majina katika karatasi, na bado mmoja alikuwa maskini kuliko mwenzake.

Kwa hiyo tunao watu wa aina tatu waliotoka sehemu moja ya dunia: Myahudi aliyekwenda Ufaransa, Myahudi aliyekwenda Israeli, na Mwislamu aliyekwenda Ufaransa. Yule wa kwanza na wa pili wana asili moja, na hali zao zilitofautiana. Wa kwanza na wa tatu waliingia nchi moja, na hali zao zilitofautiana vilevile. Asili peke yake haielezi, wala nchi peke yake haielezi. Kinachoeleza ni mtu alifika na nini mkononi, akapokelewa kwa mlango gani: alikuwa raia au mgeni, aliijua lugha ya ofisi au hakuijua, alipangiwa mji wenye kazi au jangwa, na mtoto wake alielekezwa shule ipi.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumezoea kuwatupia wazazi methali hii. Mimi naitupia serikali, halmashauri na wakuu wa shule, maana jamii nayo hulelewa. Ukiilea kwa kambi na kiwanda kimoja, usiishangae miaka hamsini baadaye, na usithubutu kuiita mvivu.

Nawaomba hasa walimu vijana. Siku utakapoambiwa na mwenzako kuwa watoto wa wilaya fulani hawasomeki, usicheke wala usinyamaze. Muulize shule yao ya kwanza ilijengwa mwaka gani. Muulize walimu wangapi wamekaa pale zaidi ya miaka miwili. Muulize ni wangapi kati ya watoto hao waliruhusiwa kufanya mtihani unaofungua mlango. Akishindwa kujibu, mwambie arudi akatafute majibu kabla ya kuwahukumu watoto wa watu.