Mtoto kachukuliwa na upande wa baba: mama anaanzia wapi?

Simu iliingia tukiwa tumebakiza dakika chache kufunga kipindi cha asubuhi. Binti wa miaka 21, kwa sauti ya chini, alituuliza jambo moja: "Dada, mahari ikishatolewa, mtoto si wangu tena?"

Mtoto wake ana miaka mitatu. Binti aligombana na mwenzake, akarudi kwa wazazi wake na mtoto mgongoni. Baadaye wakwe walikuja kumchukua mjukuu akasalimie kwao. Hadi binti alipotupigia, ilikuwa imepita miezi mitano. Mwenyekiti wa kitongoji alimjibu kwamba ng'ombe wanne walishapokelewa, kwa hiyo yamalizwe kifamilia. Kijiji hatukitaji, maana shauri bado bichi.

Hoja ya ng'ombe ina mizizi yake. Tangazo la Serikali la mwaka 1963 kuhusu sheria za kimila, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, linawahesabu watoto kuwa wa upande wa baba. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inamtaka hakimu atangulize ustawi wa mtoto. Mila za jamii nazo huangaliwa, ila haziwi za kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inaweka mbele maslahi ya mtoto.

Kifungu hichohicho cha 125 kinasema mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Wengi huishia hapo wakashangilia. Sentensi haijaisha, ndugu msikilizaji. Inaendelea kumtaka hakimu afikirie pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Hapo ndipo tunapomwonea hofu binti huyu. Kila mwezi anaosubiri kikao cha ukoo, mtoto anazidi kuzoea kwa bibi yake, anapata wenzake wa kucheza nao, mwisho ataandikishwa shule ya awali hukohuko. Upande wa pili hauna haja ya kushinda hoja. Ukiahirisha vikao tu, inatosha.

Kaka yake alitaka kumvizia mtoto kisimani amlete kwa bodaboda. Tulimsihi binti amzuie. Mtoto akinyakuliwa tena atataabika yeye kwanza, na mbele ya hakimu mama ndiye ataonekana mwenye vurugu.

Tulimwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, wa kata au wa halmashauri, akiwa na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Afisa anaweza kuziita pande zote mbili, na shauri likifika Mahakama ya Watoto, anaweza kutakiwa kuandika taarifa ya hali ya mtoto na ya nyumba anazogombewa. Si lazima talaka itangulie ndipo mama aombe malezi. Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria wa bure chini ya sheria ya 2017, na namba 116, ya huduma kwa mtoto, hupigwa bila malipo.

Alitupigia tena Ijumaa. Barua ya wito imeshapelekwa kwa wakwe. Siku iliyopangwa imeangukia gulio, na baba wa mtoto ameshasema hatafika. Binti anasema yeye saa mbili asubuhi atakuwa mlangoni.