Mama, Je, Pikipiki Yako Inapata Upepo?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, mapishi na afya ya nyumba. Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona kwamba mwezi huu tunazungumza juu ya injini. Msishangae. Siku hizi pikipiki ni mali ya familia kama ng'ombe au shamba. Wapo akina mama wengi waliokopa kwenye VICOBA wakamnunulia kijana wao pikipiki, au wakampa kijana wa jirani kwa mkataba. Hesabu inayoletwa jioni ndiyo sare za shule, ndiyo sadaka, ndiyo marejesho ya mkopo. Injini ikinoki, mkopo unabaki palepale.

Ugonjwa mmoja unaoua injini nyingi ni joto. Tena ni ugonjwa ambao mama mwenye mali anaweza kuuzuia, hata kama hajawahi kushika spana.

Tuchukue mfano wa Issuna, wilayani Ikungi, kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida. Kila aliyepita huko anaujua upepo wa nyanda zile. Wakati wa kiangazi unavuma mchana kutwa na kuinua vumbi hata kanga iliyoanikwa inakuwa nyekundu. Mtu angedhani kwamba penye upepo wa namna hiyo injini haiwezi kuungua. Lakini inaungua. Upepo kuwapo nje ni jambo moja, na upepo kuifikia injini ni jambo jingine.

JOTO LINATOKA WAPI?

Mama anayepikia mafiga matatu anajua kwamba moto mwingi haumfikii maharage, bali unapotea pembeni. Injini nayo ni hivyo hivyo. Katika petroli inayoungua, kiasi cha robo hadi theluthi tu ya nguvu yake ndiyo inayozungusha gurudumu. Inayobaki ni joto. Sehemu yake inatoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu nyingine inabaki kwenye chuma ikitafuta pa kutokea.

Joto hilo si dogo. Ndani ya silinda, petroli inapolipuka, joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Kinachoiokoa pistoni ni kwamba mlipuko ni wa muda mfupi sana, na joto linaondolewa bila kukoma. Likiacha kuondolewa, oili inakuwa nyepesi kama maji, pistoni inavimba, inakwaruza silinda, na mwisho inanasa. Hapo ndipo fundi anapokuambia, "Mama, injini imenoki."

Pikipiki nyingi za bodaboda hazina maji ya kupooza injini. Hupozwa na upepo wa safari pamoja na oili. Tazama silinda ya pikipiki yako: utaona vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Hayo ni mapezi. Kazi yake unaijua tayari. Uji wa mtoto ukiuacha kikombeni unakawia kupoa, lakini ukiumimina kwenye sahani pana na kuupepea, unapoa upesi. Mapezi ndiyo sahani pana, na mwendo wa pikipiki ndio kipepeo.

UPEPO WA MGONGONI

Sasa tuelewe kwa nini injini huungua hata penye upepo. Kijana amepakia magunia mawili ya alizeti na abiria mmoja, anapanda mwinuko kwa gia ya pili, mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Upepo unavuma kutoka nyuma yake kwa mwendo ule ule. Injini inafanya kazi ya punda, lakini hewa inayoizunguka haisogei. Ni kama uji ule uko kwenye sahani, lakini hakuna anayepepea.

Ipo alama rahisi ya kulitambua jambo hili. Vumbi unalotimua likikufuata na kukuzunguka badala ya kubaki nyuma, jua kwamba injini haipati upepo. Dereva na asimame kila baada ya mwendo mfupi, azime injini, na kuigeuza pikipiki itazame kule upepo unakotoka. Dakika 10 au 15 za namna hiyo ni nafuu kuliko pistoni mpya.

Kumbukeni pia kwamba nyanda za Singida ziko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila upepo unaopita kwenye mapezi unabeba joto pungufu kidogo.

MAMBO MATANO YA KUKAGUA

Chagua siku moja katika juma, tuseme Jumamosi jioni, pikipiki ikiwa imekwisha poa. Chuchumaa mbele yake na utazame.

Kwanza, je, njia ya upepo iko wazi? Kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye silinda unapaswa kuyaona mapezi. Baadhi ya vijana hufunga ngozi, mpira au turubai kwenye vyuma vya mbele ili kukinga miguu na baridi ya Juni na Julai. Miguu inapata joto, na injini nayo inapata joto. Kinga hizo zikae pembeni mbele ya miguu tu, zisizibe katikati. Vivyo hivyo madumu, vifurushi na matenga ya kuku yasifungwe mbele ya injini wala ubavuni mwake.

Pili, je, mapezi ni safi? Tope la masika likikauka kati ya mapezi linakuwa kama blanketi. Wakati wa mavuno, makapi na vumbi hushikana na oili inayovuja na kufanya ukoko. Mswaki wa zamani na maji ya sabuni vinatosha. Lakini msimwagie injini maji baridi ikiwa ya moto. Chuma kinaweza kupasuka kama glasi iliyomiminiwa chai.

Tatu, je, oili ipo? Pikipiki isimame wima mahali tambarare, kisha tazama kijiti au kioo cha kupimia. Injini hizi hubeba oili kidogo, nyingi kiasi cha lita moja tu, kwa hiyo ikipungua kidogo ni hasara kubwa. Badilisheni kwa kipindi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kwa barabara za vumbi fanyeni mapema zaidi. Nunueni dukani kwa mtu mnayemwamini, kopo likiwa na lakiri yake.

Nne, je, kichujio cha hewa ni safi? Hewa hii si ya kupooza, ni ya kuvuta ndani pamoja na petroli. Kichujio kilichojaa vumbi kinainyima injini pumzi, nayo inapoteza nguvu. Vijana wengine hukitoa kabisa ili pikipiki iwe nyepesi. Hilo ni baya zaidi, maana mchanga unaingia moja kwa moja kwenye silinda na kuisaga, na mara nyingi petroli inakuwa chache mno kwa hewa inayoingia, jambo linaloongeza joto.

Tano, mwombe fundi akuonyeshe plagi. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa nyeupe kama chokaa, kuna joto kupita kiasi, na kabureta itazamwe.

Zaidi ya hayo, mwulize kijana maswali mawili. Pikipiki imepungua nguvu ikipanda mlima? Ina mlio wa kugongagonga inapobeba mzigo? Akijibu ndiyo, isimame hadi fundi aione.

HESABU NA UTU

Akina mama, hapa yatupasa tujichunguze. Mara nyingi tunamlaumu kijana kwamba ameharibu injini, lakini hatujiulizi tulimwekea hesabu gani. Hesabu ikiwa kubwa kuliko biashara ya mahali, kijana atabeba mshikaki wa watu watatu. Atapakia magunia yasiyobebeka. Hatasimama kupumzisha injini, maana kila dakika ya kusimama ni fedha. Na siku ya kubadili oili ikifika, atasema "wiki ijayo."

Fanyeni hivi. Katika kila hesabu ya juma, toeni kiasi fulani na kukiweka kwenye kopo la peke yake kwa ajili ya oili, plagi na kichujio. Mwambieni kijana wazi kwamba akisimama njiani kupooza injini, hamtamkasirikia kwa kuchelewa, na mkubaliane uzito wa mzigo tangu mwanzo. Mali tuliyo nayo ni amana kutoka kwa Mungu, na kijana anayeiendesha ni amana iliyo kubwa zaidi. Injini ikinasa ghafla barabarani, gurudumu la nyuma linaweza kufunga, na anayeanguka ni mtoto wa mtu.

WENYE BAJAJI, TOYO NA GARI DOGO

Injini ya bajaji imefichwa nyuma, kwa hiyo nyingi zina feni inayosukuma hewa kwenye mapezi. Msizibe matundu ya kuingizia hewa kwa mizigo wala matambara. Toyo nyingi na magari hutumia maji yanayozunguka kwenye injini na kupozwa kwenye rejeta. Rejeta nayo ina mapezi membamba, na mbegu za nyasi huyaziba. Yasafisheni kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, mkielekeza kutoka upande wa injini kuja mbele, ili uchafu utoke kule ulikoingilia.

Maji ya visima katika sehemu nyingi za Singida yana chumvi. Mmeona ukoko mweupe ndani ya birika la chai? Ndio huo huo unaojengeka ndani ya rejeta. Tumieni kulanti inayofaa, na kama hakuna, maji ya mvua yaliyochujwa ni heri kuliko ya kisima cha chumvi. Na fundi akitaka kung'oa thamostati ili gari lisichemshe, mwulize kwanza sababu ya kuchemsha ni nini. Kung'oa si kutibu.

Msidhani mambo haya ni ya wanaume tu. Agosti 1888, nchini Ujerumani, Bertha Benz alilichukua gari alilotengeneza mumewe, Carl Benz, akawapakia wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Gari lile lilipooza injini kwa kuyachemsha maji yapotee kama mvuke, kwa hiyo iliwabidi kuongeza maji tena na tena njiani. Njia ya petroli ilipoziba, mama yule aliizibua kwa pini ya kofia yake. Tena fedha zake mwenyewe ndizo zilizookoa karakana ya Carl hata kabla hawajaoana. Mwenye mali aliijua mali yake.

TUWALINDE WATOTO

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Injini inayopoa inalitoa joto nje, na mara nyingi anayelipokea ni mtoto. Ekzosi ya pikipiki nyingi iko upande wa kulia. Pandeni na kushukia kushoto, na mguu wa mtoto usining'inie karibu na bomba. Pikipiki ikifika nyumbani, iegesheni bomba likitazama ukuta, mahali ambapo watoto hawachezi. Kanga isining'inie karibu na gurudumu wala bomba.

Gari likichemsha, kamwe msifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto. Maji yaliyofungiwa kwa presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa yanaruka yote usoni. Simameni, zimeni injini, watoto wakae mbali, na msubiri hadi rejeta ipoe kabisa, nusu saa au zaidi.

Mtoto akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Kama maji ni haba, shikeni beseni chini na kuyarudia kwa kikombe. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Funikeni kwa kitambaa safi na mwende kituo cha afya.

Basi, mama mpendwa, Jumamosi hii chuchumaa mbele ya pikipiki yako na utazame kama upepo una njia ya kupita. Ikiwa imezibwa, izibue kabla ya safari ya Jumatatu. Mungu azibariki kazi za mikono yenu na kuwalinda vijana wetu barabarani. Tukutane mwezi ujao.