Stiki ya Gemu: Waya Sio Ushamba

Najua nimepotea kitambo. Testi zilifuatana kama mabasi ya mwendokasi asubuhi, na mimi sina ndoto za kudisco mwaka huu. Leo nina nafasi, tumbo lina wali maharage, rumeti wangu anakoroma, basi ngoja nitoe dukuduku langu.

Dukuduku lenyewe ni stiki ya gemu. Kwa wasioijua, ni lile boksi pana linalokaa mapajani, kushoto lina mkongojo mfupi wa kusukuma pande zote, kulia lina batani kubwa sita au nane. Limeigwa kutoka zile mashine za gemu za kutumbukiza sarafu, ambazo Street Fighter II ilizijaza watu duniani tangu 1991. Wanaocheza gemu za ngumi wengi hulipenda kwa sababu kiganja kizima ndicho kinachofanya kazi, sio kidole gumba peke yake. Ukicheza na pedi masaa matatu kidole gumba kinatoka malengelenge. Nauliza tu, nani hapa hajawahi?

Sasa swali ambalo nimeulizwa na watu watatu wiki hii: ninunue ya wayalesi au ya waya? Jibu langu fupi ni kwamba wayalesi liwe swali la mwisho kabisa kwenye orodha yako, na kama haina tundu la kuchomeka waya siku ya shida, iache dukani. Jibu langu refu lina aibu ndani yake. Vumilieni.

Muhula uliopita sisi wanne wa chumbani tulichanga elfu hamsini hamsini. Laki mbili kamili, pesa ya bumu, jamani. Mimi ndiye nilipewa kazi ya kuchagua, eti kwa sababu nasoma kompyuta. Dogo wetu wa mwaka wa kwanza alikula mihogo ya kukaanga wiki nzima ili hamsini yake itimie. Na huyo dogo ndiye mkali wetu. Amekulia Mwanza kwenye vibanda vya gemu, vya kulipa mia mbili kwa mechi, na Kazuya wake kwenye Tekken ni balaa.

Nikaingia mjini. Nikaikuta moja haina waya hata kidogo, ya kuchaji, nyeusi, ina taa za bluu. Muuzaji akaiwasha, taa zikazunguka, na mimi nikazunguka nazo. Sikuuliza mkongojo ni wa nani, batani ni za nani, wala kama inafunguka. Nilichowaza ni jinsi tutakavyokaa kitandani mwa juu tukicheza bila waya huku vyumba vya jirani vikitoa macho. Nikalipa.

Chumbani ilifanya kazi vizuri wiki tatu. Nisiseme uongo.

Siku ya fainali yetu na bloku ya pili, ukumbi wa TV ulijaa hadi madirishani. Kila mtu ana simu mkononi, jamaa mmoja kaleta spika ya Bluetooth anapiga singeli, na intaneti ya wayalesi ya jengo iko juu ya vichwa vyetu. Raundi ya mwisho, dogo anaongoza, adui kabakiza damu kama ya mbu. Mara gemu ikasimama. Ujumbe kwenye kioo: unganisha tena kifaa chako. Na sheria yetu, ambayo tumeiiga kwenye mashindano makubwa, inasema anayesimamisha gemu katikati ya raundi anapoteza raundi hiyo, hata kama ni bahati mbaya.

Ukumbi ulilipuka. Dogo aliweka boksi sakafuni taratibu, akaniangalia, akasema, "Kaka, si kitu." Hakuna neno lililowahi kuniuma kama hilo si kitu. Angenitukana ningelala.

Nikaenda kusoma sasa, wakati ndege keshatoka tunduni. Niwape nilichokielewa.

Kwanza, hewa. Vifaa vingi vya wayalesi, Bluetooth ikiwemo, vinatumia masafa ya gigahezi 2.4. Intaneti nyingi za wayalesi zinatumia hayo hayo, na hata jiko la maikrowevu linavujisha kelele mle mle. Chumbani mko wanne, njia ni nyeupe. Ukumbini mko mia, ni foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo stiki inayokwenda vizuri chumbani haijakuhakikishia kitu chochote kuhusu siku ya fainali, na fainali ndiyo siku uliyoinunulia.

Pili, muda. Gemu za ngumi nyingi zinakwenda fremu 60 kwa sekunde. Fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Yule Kazuya wa dogo ana ngumi ya umeme ambayo lazima mkongojo ufike pembeni chini na batani ibonyezwe kwenye fremu ile ile moja. Ukichelewa fremu moja unapata ngumi ya kawaida, na adui anakuadhibu. Hapa watu wanakosea wakidhani tatizo ni kuchelewa tu. Kuchelewa kwa kiasi kile kile kila mara mkono unakuzoea. Kinachoua ni kuchelewa kusikotabirika, mara kidogo, mara sana. Mkono unazoeaje kitu chenye tabia ya daladala?

Lakini tusizidishe chumvi. Wayalesi nzuri zipo. Zile zenye kidude chao cha kuchomeka kwa kawaida zinawahi kuliko Bluetooth ya bei chee. 8BitDo walitoa Arcade Stick yao mwaka 2020, ina Bluetooth, ina kidude cha 2.4, na ina waya, vyote kwenye boksi moja, na chaji inakaa makumi ya saa. Mwaka 2025 Sony nao walitangaza stiki yao ya wayalesi kwa ajili ya PS5 na kompyuta, na hata hiyo wakaipa njia ya waya. Mnaona? Wanaojua kazi hawakuutupa waya.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanalizwa: inaongea na mashine yako? Hiyo hiyo ya 8BitDo ya 2020 ilitengenezwa kwa Switch na kompyuta za Windows. Ukiichomeka kwenye PS4 bila kigeuzi inakuangalia tu. Stiki za PS4 nazo hazikubaliki kwenye kila gemu la PS5. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi, uliza mashine. Sisi tuna PS4 ya kuchanga na laptopu mbili za kubembeleza. Hiyo ndiyo orodha yetu, na dunia yote iliyobaki haituhusu.

Nne, moyo wa stiki ni mkongojo na batani. Kuna kampuni za Japani, Sanwa na Seimitsu, ambazo vipuri vyake vimekuwa kipimo cha wengine kwa miaka mingi. Batani za kawaida zina upana wa milimita 30 na zinabanwa tu kwenye tundu. Nyaya zake nyingi zinachomekwa bila kulehemu. Maana yake batani ikifa, hununui boksi jipya, unanunua batani. Bisibisi, dakika kumi, umemaliza. Ile niliyoinunua mimi ilikuwa imegundishwa kwa gundi ndani. Fundi wetu wa simu aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga, akanidai elfu tatu ya kutikisa kichwa.

Tano, uzito. Kaboksi kepesi kanatembea mapajani kama mtoto asiyetaka kubebwa. Boksi zito kidogo, pana, lenye mpira chini, linatulia. Lishike, lisukume kwa nguvu ya fainali, sio kwa nguvu ya dukani mbele ya muuzaji.

Sita, betri. Betri zinazeeka hata kama huzitumii. Miaka mitatu ijayo ile ya waya itakuwa vile vile, ile ya wayalesi itakuwa inaomba chaji kila mechi. Halafu mtu ananiambia, "Umeme ukikatika stiki yangu ina chaji." Sawa mzee, na TV je? Utampiga nani, ukuta? Teh teh.

Upande wa pili nao usikilizwe. Chumba chetu kina vitanda viwili vya ghorofa, ndoo tatu, na watu sita kwa sababu ya kubebana. Waya ukikatiza sakafuni, siku moja mtu atatoka kuoga gizani na PS4 itamfuata. Hiyo ni hatari ya kweli na nimeiona kwa macho, ilikuwa laptopu na sahani ya ugali. Kama TV iko mbali, kama unacheza kwa starehe, kama nyumbani una wadogo wanaokimbiakimbia, wayalesi inakufaa na wala usione haya. Mimi napinga jambo moja tu: kulipia wayalesi kwanza, halafu mkongojo na batani zipewe makombo. Pesa ni ile ile. Kwenye stiki ya bei ya mwanafunzi, kila shilingi iliyokwenda kwenye redio na betri na taa za bluu imetoka mahali fulani, na mara nyingi imetoka kwenye batani.

Na wale wanaosema waya ni ushamba, niwape kisa. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya Evo kule Las Vegas, Mfaransa anayeitwa Luffy alichukua ubingwa wa Ultra Street Fighter IV akitumia pedi ya PlayStation ya kwanza. Ndiyo, ile ya kijivu, ya miaka ya tisini, yenye waya, kwa kutumia kigeuzi. Aliwakuta watu na maboksi ya gharama, akawapita. Hakuna aliyemcheka. Kwa hiyo hata stiki yenyewe sio lazima, achilia mbali wayalesi. Kama pedi yako inakutii, kaa nayo, hela nunua msosi. Stiki nunua kama mkono wako unaitaka, na utajua hilo ukiazima ya mtu wiki moja kabla ya kutoa hata senti.

Hapo kwenye mkono wako ndipo nilipokosea mimi. Nilichagua kwa macho yangu stiki ya kuchezewa na mkono wa mtu mwingine. Aliyekula mihogo sikumpeleka hata dukani.

Basi wiki iliyopita bumu limeingia. Tumechanga tena, hamsini hamsini. Wenzangu wakasema nichague tena, sijui kwa huruma au kwa kukosa mtu mwingine. Nikakataa. Nikatoa hamsini yangu na hamsini ya dogo juu yake, kwa sababu hiyo naidaiwa hata kama hajawahi kuidai. Tumepata moja iliyotumika, ya jamaa wa mwaka wa nne anayemaliza. Ni ya waya, waya mrefu wa kutosha, inakubali PS4 na kompyuta. Rangi imechubuka pembeni na haina taa hata moja. Ndani ina mkongojo wa Sanwa.

Safari hii dogo ndiye aliyekaa nayo kwanza. Alisukuma mkongojo mara mbili, akafumba macho, akapiga ngumi ya umeme moja, ya pili, ya tatu. Kumi mfululizo nikahesabu. Akafungua macho akasema, "Braza, hii hapa."

Marudiano na bloku ya pili ni Jumamosi. Waya tutaubandika sakafuni kwa gundi ya karatasi, na anayetoka kuoga apite mlango wa nyuma.

Kazi kwenu wadau. Naomba kuwasilisha. Alamsiki!